Majani ya Samaki wa Valéry

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha mtaani kwetu Kinindo leo alasiri, dakika ishirini tu, na tayari mfereji wa mbele ya lango umejaa chupa. Nimefungua daftari hili kwa sababu kuna mambo nyumbani kwangu siyaelewi, na nisichokielewa huwa nakiandika. Nilifundisha Kiswahili shule ya sekondari miaka thelathini na moja. Nimekamata karatasi za kunakilia ndani ya soksi, ndani ya kalamu, na mara moja ndani ya andazi. Mimi, Spéciose, sichezewi kirahisi.

Mume wangu Valéry alifariki mwezi wa tatu. Maisha yake yote alizamia ziwani kukamata samaki wa mapambo wa kupelekwa ng'ambo, na alipostaafu alijibakizia akwariamu moja sebuleni, ndefu kama kitanda cha mtoto. Wamo samaki tisa wembamba, hakuna anayezidi kidole changu, na wana madoa ya buluu yanayong'aa taa ikiwaka. Aliwaita mabinti. Wakati wa msiba majani yote ya humo ndani yalikufa. Watu walikuwa wengi, sijui nani aligusa nini. Tangu siku hizo mabinti wanajibanza nyuma ya pampu, hawachezi, hawatagi. Daftari la Valéry linasema wazi kwamba samaki hawa bila majani hawamalizi mwaka. Mwaka wataumaliza, nimeapa.

Halafu kuna Orpha. Mwanangu Maxime alimwoa Julai, na wiki mbili zilizopita alimleta akae nami, yeye akaenda Kalemie kwenye kazi ya bandari hadi Noeli. Orpha ni Mkongomani wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, ana miaka ishirini na minne, fundi cherehani. Anatembea bila sauti. Kila nikisema neno anajibu ndiyo, Maman. Darasani, mwanafunzi wa ndiyo-ndiyo ndiye niliyempekua wa kwanza.

Nimembandikia sheria nne nyuma ya mlango wa jikoni, kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Viatu vibaki nje. Simu isije mezani. Lango lifungwe saa kumi na mbili. Na kwa kuwa kipindupindu kimeanza tena mitaa ya chini, kila jani linaloingia nyumba hii litiwe Javel kwanza, ile dawa kali ya kuua vijidudu, kifuniko kimoja cha chupa kwa ndoo, kisha lisuuzwe. Chini ya kila sheria nimeacha nafasi ya kuweka alama na tarehe, kama kwenye daftari la zamu. Alisoma yote akiwa amesimama wima. Ndiyo, Maman.

Jumapili, 5 Oktoba

Misa. Wali na mboga ya lengalenga. Lengalenga ilinuka Javel kama wodi ya hospitali, lakini angalau kusoma anajua.

Ijumaa, 10 Oktoba

Leo nimekwenda mtaa wa Buyenzi kwa Ilyasi, aliyekuwa akizamia na Valéry. Sasa anauza samaki na majani nyuma ya nyumba yake, kwenye mabeseni ya plastiki aliyoyapanga kivulini.

"Mama Maxime, karibu, pole na siku nyingi. Unatafuta majani ya kupamba ao ya kuishi?"

Nikamwuliza tofauti.

"Ya kupamba ni ile nyekundu. Inatoka mbali, inapenda maji laini. Maji yetu ya ziwa iko na chokaa mingi, haiwezane nayo. Ya kuishi ni hii." Akavuta kutoka kwenye beseni majani marefu membamba kama utepe wa kufungia zawadi, ya kijani cha kweli.

Nilikuwa nimenakili maneno ya daftari la Valéry kwenye bahasha. Majani marefu yapandwe nyuma, yawe ukuta wa kujisitiria. Majani laini ya kuelea yawe juu, ndipo mayai yanaposhika. Majani mazito, meusi-meusi, yafungwe kwenye jiwe, yatoe kivuli. Katikati paachwe wazi kabisa, maana samaki wa kuogelea kwa kundi akikosa uwanja anajigonga kioo. Nikachagua majani marefu ya kuanzia. Nilikagua mizizi, nikataka nyeupe tu. Niligeuza kila jani kutafuta mayai ya konokono. Ilyasi alicheka akasema marehemu naye alikuwa hivyo hivyo.

"Imetoka wapi?"

"Ruziba, wallahi, jana asubuhi. Mi mwenyewe niliingia mu maji mupaka hapa." Akajigusa kifuani.

Sikuwa nimemwambia aape. Nimeliweka hilo akilini.

Alinipa maagizo. Majani yalale usiku mmoja nje ndani ya ndoo yake, asubuhi niyamimine pamoja na maji yale yale, kwa sababu yameyazoea. Ndoo iko veranda ya nyuma.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepanda baada ya chai. Mizizi kwenye mchanga, kokoto juu yake ili isiinuke. Mabinti walitoka nyuma ya pampu mmoja mmoja, wakayazunguka majani, wakapita katikati yake. Nimelia kidogo. Orpha alikuwa mlangoni akitazama, nilipogeuka akaondoka.

Jumatano, 15 Oktoba

Ncha za majani zimepauka.

Alhamisi, 16 Oktoba

Siyo ncha tu. Jani zima limekuwa jeupe, unaliona jiwe lililo nyuma yake.

Orpha anaamka saa kumi na moja alfajiri. Najua kwa sababu nasikia ndoo uani. Nani ana shughuli na ndoo saa hiyo?

Jumapili, 19 Oktoba

Nimetoa majani yote. Yaliteleza mkononi kama uji. Samaki bado tisa, wamerudi nyuma ya pampu.

Ninao watuhumiwa watatu. Wa kwanza ni Ilyasi na viapo vyake. Wa pili ni paka wa jirani, lakini paka hawezi kuinua kifuniko cha akwariamu. Wa tatu ni Orpha. Ijumaa nilimkuta amesimama mbele ya akwariamu, kiganja kwenye kioo.

"Unafanya nini hapo?"

"Ninabaangaliaka tu, Maman. Banapendeza."

Nilimsogelea. Mikono yake ilinuka Javel hadi kwenye viwiko. Anayejisugua Javel namna hiyo ana alama anazofuta, hilo ndilo nililofikiri, na bado nalifikiri.

Jumatatu, 20 Oktoba

Buyenzi tena. Nilimwonyesha Ilyasi jani moja lililokufa ndani ya mfuko wa plastiki. Aliligeuza kwenye mwanga, akakasirika.

"Mama Maxime, mi na Bwana Valéry tulifanya kazi miaka kumi na sita. Majani ya Ruziba haikufake mu wiki moja. Haiwezekane. Kuko mutu kwenu anaiua."

Kwetu tuko wawili, na mimi siyo.

Jumatano, 22 Oktoba

Nimefunga uzi mwembamba kutoka kifuniko cha akwariamu hadi kwenye mguu wa meza. Akifungua, utakatika. Nilikuwa nafanya hivi kwenye droo ya mitihani.

Alhamisi, 23 Oktoba

Uzi upo.

Ijumaa, 24 Oktoba

Uzi upo. Mvua kubwa. Ziwa limepanda, wanasema Ruziba maji yameingia mashambani.

Jumamosi, 25 Oktoba

Uzi upo. Ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Ijumaa, 31 Oktoba

Nimechukua aina ya pili kwa Ilyasi, majani laini ya kuelea, mafungu mafungu kama mkia wa paka aliyeogopa. Hayana mizizi, hayahitaji mchanga, maji magumu hayayasumbui. Ilyasi hakuapa leo. Alinitazama tu, akaniwekea fungu la ziada.

Ndoo iko verandani. Kesho ni Watakatifu Wote, Jumapili ni siku ya marehemu, na nataka Valéry akumbukwe akwariamu yake ikiwa kijani. Safari hii sitangoja chai. Nitaamka na Orpha saa kumi na moja, tuone nani atatangulia.

Jumamosi, 1 Novemba

Nimemshinda. Nilitoka kabla hakujapambazuka vizuri. Orpha alikuwa jikoni akihangaika na makaa, ndoo iko peke yake verandani. Niliinyanyua kimya kimya. Alitoka mbio, kitambaa mkononi.

"Maman, hiyo ndoo..."

"Najua ni ndoo."

"Apana, Maman, mi nilikuwa..."

"Orpha. Nimesema najua."

Nilimimina kila kitu, maji na majani, kama nilivyoagizwa. Uso wake nilikuwa nauona kwenye kioo, nyuma yangu. Mtu aliyewahiwa ana uso ule. Nimefurahi sana leo.

Jumapili, 2 Novemba

Watatu wamekufa.

Misa ya marehemu ilikuwa ndefu. Padri alisoma majina yote, na aliposema Valéry nilijibu kwa sauti mpaka watu wakageuka. Nimerudi na viatu mkononi, barabara yote matope, na kabla sijavaa ndala niliwaona. Walikuwa juu ya maji, ubavu ubavu, katikati ya majani laini. Madoa yao bado yalikuwa ya buluu. Wengine sita walikuwa wanahema midomo nje, karibu na mdomo wa pampu.

Nilibadilisha nusu ya maji, ndoo kwa ndoo. Orpha alikuwa ananipokea ndoo chafu na kunipa safi. Sikutaka anisaidie, lakini mgongo wangu ulikataa kazi ile. Nilikuwa namtazama mikono muda wote. Ilikuwa na haraka. Nikajiuliza, mtu asiye na kosa ana haraka gani?

Hao watatu nimewazika chini ya mpapai. Sikumwita mtu.

Nimeandika haya mara mbili kichwani kabla ya kuyaandika hapa, nisije nikamwonea. Jana tulikuwa wawili ndani ya nyumba. Uzi haukukatika kwa sababu hafungui kifuniko, anafanyia kazi yake verandani, kwenye ndoo, alfajiri. Ndiyo maana alitoka mbio. Anafanya nini sijui, lakini anafanya kitu. Sababu naidhania. Samaki wakiisha, Maxime atasema akwariamu inakula umeme bure, itolewe, na pale pembeni ya dirisha, penye mwanga mzuri, itakaa cherehani. Anapapenda pale. Nimeona anavyopapima kwa macho.

Jumatano, 5 Novemba

Majani laini yamekuwa meupe na kukatika katika. Nimeyatoa kwa chujio la chai.

Jumapili, 9 Novemba

Kipindupindu, wagonjwa wapya. Mezani nimesema, bila kumtazama mtu, kwamba ugonjwa huu unavuka ziwa ndani ya mikono ya watu. Orpha aliweka kijiko chini. Aliitazama mikono yake, kisha akaiweka chini ya meza. Hakumaliza chakula.

Jumatano, 12 Novemba

Maxime amepiga simu. Nilimweleza yote, kwa mpangilio, na tarehe. Alingoja nimalize.

"Maman, Orpha hana shida na samaki. Ni we uko na shida na Orpha."

"Mimi nina ushahidi."

"Ulimwuliza?"

Mwizi haulizwi kama ameiba. Anakamatwa. Nimemwambia hivyo, naye akasema ana kazi, akakata.

Jioni nimemsikia Orpha uani akiongea kwa simu na shangazi yake Béatrice, anayekaa Buyenzi. Walikuwa wanaongea kwa lugha ya kwao. Jina langu halikutajwa, lakini "Maman" nilisikia mara tano.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua. Samaki sita.

Ijumaa, 21 Novemba

Aina ya mwisho. Ilyasi ameagiza kutoka Kongo, kwenye vijito vya huko vyenye mawe, majani mazito kama ngozi, meusi-meusi, shina lake nene linalotambaa. Amesema haya ni sugu kuliko yote, samaki hawayali, chumvi ya maji hayaijali, giza yanalivumilia. Shina lisifukiwe mchangani, litaoza, lifungwe juu ya jiwe kwa uzi mpaka lishike lenyewe.

"Hii nayo ikikufa, Mama Maxime, usirudi kwangu. Siyo kwa ubaya. Nitakuwa sina kitu ingine ya kukupa."

Hata mimi sina aina nyingine ya kujaribu. Ndoo iko verandani. Nimeweka saa ya simu saa kumi na moja kasorobo.

Jumamosi, 22 Novemba

Naandika haya na saa zake, kama ripoti ya mtihani.

Nilichelewa dakika chache kuinuka, kifua kinabana na mafua yameniziba pua tangu Jumatano. Orpha alikuwa amekwisha kuamka. Nilimwona akitoka verandani kuelekea bombani na ndoo tupu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye ndoo yangu, nikaibeba. Akatupa ndoo yake, akanishika mkono. Hajawahi kunigusa tangu afike.

"Maman, ngoja kwanza! Ngoja kidogo tu, nimalize..."

"Umalize nini? Umalize waliobaki?"

Aliniachia. Nilimimina. Nilifunga shina kwenye jiwe kwa kamba ya kitani, fundo baya, likalegea, nikafunga tena. Saa tatu kamili samaki wa kwanza aligeuka tumbo juu. Saa nne walikuwa wanne. Wawili waliobaki niliwatoa na kuwaweka kwenye beseni la maji ya ziwa ya pipani, wamelala chini kabisa, mashavu yanaenda.

Sikupiga kelele. Ningepiga kelele ingekuwa nafuu. Nilimwita sebuleni, nikamsimamisha mbele ya akwariamu kama nilivyokuwa nawasimamisha mbele ya darasa, nikamwambia kwamba amewaua samaki wa baba mkwe wake mara mbili, kwa makusudi, na kwamba mwanangu ameniletea nyumbani mtu asiyemjua. Nilimwambia arudi kwao na mikono yake.

Hakulia. Aliangalia maji, kisha akaniangalia mimi, na hapo ndipo nilipotambua kwamba hajawahi kuniangalia machoni kabla ya leo.

"Maman, nilifanya yote yenye muliandika. Yote."

Nikaona huo ni ufidhuli. Akachukua mkoba mmoja. Cherehani ameiacha, imefunikwa kitambaa. Aliondoka mvua ikinyesha, akafunga lango vizuri nyuma yake, ingawa ilikuwa saa tano asubuhi.

Jumapili, 23 Novemba

Sikwenda misa. Mkate na chai ya chupa. Nyumba imenyamaza. Sasa hakuna anayepita bila sauti, na bado nasikiliza.

Jumatatu, 24 Novemba

Nimekuwa mwalimu miaka thelathini na moja na leo nimefeli.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Nimeingia jikoni kutafuta chumvi, mara ya kwanza kukaa mle zaidi ya dakika moja tangu Septemba, maana nimekuwa naletewa. Mlango wa jikoni hubaki wazi siku zote, umeegemea ukuta. Upepo wa mvua umeingia kwa dirisha, ukaupiga, ukajifunga mbele ya uso wangu. Na nyuma yake ipo karatasi yangu ya sheria. Nilikuwa nimeisahau.

Amejaza. Ewe Mungu, amejaza yote. Viatu, alama kila siku. Lango, alama kila siku. Kwenye sheria ya nne nafasi ilikuwa imemwishia, akaunganisha karatasi ya pili, akaishona chini kwa uzi mweupe, mishono midogo iliyonyooka. Nainakili hapa ili nisije nikajidanganya siku nyingine.

5/10, lengalenga, kifuniko 1. 8/10, saladi, kifuniko 1. 11/10, majani ya samaki, kifuniko 1, nimesuuza mara tatu. Halafu lengalenga, lengalenga, kabichi. 1/11, majani ya samaki, kifuniko 1, Maman amebeba kabla sijasuuza. Halafu siku nyingi za mboga. 22/11, majani ya samaki, vifuniko 4, Maman amebeba kabla sijasuuza.

Mbele ya mistari ile miwili niliyobeba kabla hajasuuza hakuweka alama ya vema. Kazi ilikuwa haijakamilika, na yeye si mtu wa kudanganya kwenye daftari la zamu.

Nimekaa kwenye kigoda cha jikoni mpaka mvua ikakatika. Kila jani linaloingia nyumba hii, niliandika. Sikuandika isipokuwa majani ya samaki. Valéry alikuwa akijaza akwariamu maji ya ziwa aliyoyaweka kwenye pipa, hata ya bomba hakuyapenda, kwa sababu ya dawa kidogo tu iliyomo. Mimi nilimimina ndoo nzima ya Javel. Niliimimina kwa mikono yangu, mara mbili, nikiwa nimefurahi kwamba nimemshinda. Mara ya kwanza, nilipolala mpaka saa moja kama mtu wa kawaida, alipata nafasi ya kusuuza, yakafa majani tu, hakufa hata samaki mmoja.

Pua yangu ilikuwa na mafua siku ya mwisho, lakini siku nyingine? Nyumba nzima inanuka Javel tangu Oktoba. Niliagiza mwenyewe inuke.

Jumanne, 25 Novemba

Nimekwenda Buyenzi kwa Béatrice. Nyumba ya vyumba viwili, kapeti limeinuliwa juu ya viti kwa ajili ya maji ya mvua. Béatrice alinikaribisha kwa heshima zote, akaniletea Fanta, akakaa mlangoni kama askari.

Orpha alikuwa anashona kwa mkono. Nikatoa karatasi kwenye mkoba, nikaikunjua magotini.

"Nimesoma," nikasema.

"Ndiyo, Maman."

"Vifuniko vinne. Kwa nini vinne?"

Alipitisha sindano mara mbili kabla ya kujibu.

"Mara ya mbili, samaki tatu balikufa. Nikasema labda ni mi. Mulisema mezani ugonjwa unakujaka mu mikono ya batu. Nikaona, mikono yenye inavukaka ziwa iko yangu tu mu ile nyumba. Donc, basi, mara ya tatu nikanawa Javel, na mu ndoo nikaweka ine. Juu samaki basikufe."

Béatrice alisema neno kwa lugha yao, polepole, akaangalia nje.

Nilisema nisamehe. Nililisema kwa Kiswahili cha vitabu na kwa cha mtaani, na kwa Kirundi pia, kwa sababu hakuna hata moja lililotosha. Nikamwomba arudi.

"Nitarudi, Maman. Siyo leo." Alikata uzi kwa meno. "Tangu nifike kwenu, hamuniulizake kitu. Munaniangaliaka tu. Kama nimeshaiba. Siku yenye mutakuwa na swali, mukuje."

Sikuwa na swali. Nilimaliza Fanta, nikaondoka.

Jumamosi, 29 Novemba

Nimeosha akwariamu mara ya tatu. Maji ya pipa tu. Wale wawili nimewarudisha. Taa inawaka.

Jumatano, 3 Desemba

Jani zito halijafa. Majani yake yote yamepauka, lakini kwenye ncha ya shina kimechomoza kitu cha kijani, kidogo kama ukucha wa mtoto. Kamba yangu ya kitani imelegea tena, shina linaelea, linavutwa na pampu. Nimejaribu mara nne. Vidole vyangu ni vya chaki, havijui fundo.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimelitoa jani na jiwe lake, nikavitia kwenye sufuria yenye maji, nikavipakata kwenye teksi mpaka Buyenzi. Dereva aliniuliza kama ni mboga. Nikamwambia ndiyo.

Orpha alikuwa uani. Niliweka sufuria miguuni pake.

"Nina swali," nikasema. "Hii inafungwaje?"

Alitazama ndani. Aliona ukucha ule wa kijani, akauinua kwa kidole, taratibu mno. Kisha akaingia ndani akatoka na kibweta chake cha nyuzi.

"Kamba ya kitani inaozaka mu maji. Tunafunga na ya nailoni. Ya rangi gani, Maman?"

"Unaonaje wewe?"

Akachagua nyeusi, isionekane. Alizungusha uzi chini ya jiwe, juu ya shina, akiruka kila jani, hakubana. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikashika jiwe alipotaka nishike. Alikuwa anafunga fundo la mwisho aliponiuliza, bila kuinua kichwa:

"Na ile majani ya kwanza, Maman? Ya Papa. Ile ya wakati wa msiba. Nani aliiua?"

Tarehe nne Oktoba niliandika hapa kwamba sijui nani aligusa nini. Nilijua. Hakuna aliyegusa kitu.

"Mimi," nikamwambia. "Nilizima taa. Ikiwaka nilikuwa nakiona kiti chake, na yeye hayupo. Nikaizima wiki sita, majani yakafa gizani. Sijamwambia mtu. Hata Maxime."

Aliendelea kushikilia fundo kwa kidole. Nilingoja aniangalie kwa jicho nililomwangalia mimi miezi miwili. Hakuniangalia hivyo. Akainama, akakata uzi kwa meno, akalitia jiwe ndani ya sufuria, jani juu.

"Sasa hivi taa iko inawaka?"

"Inawaka. Wako wawili."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye kitenge, akaibeba sufuria yeye.

"Basi twende, Maman. Banatungoja."